Miaka Thelathini na Minne kwa Nyuzi Thelathini na Saba

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi sanifu mwandamizi wa maabara yetu ya fangasi atavua koti jeupe na kukabidhi funguo. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na moja kazini. Hesabu ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilimpunja siku nne, naye akawakalisha chini na mafaili yao mpaka zikapatikana zote.

Kwenye karatasi za mshahara ana jina lake kamili, lakini kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi tunamwita Mama Thelathini na Saba. Jina hilo amelifanyia kazi. Thelathini na saba ndizo nyuzi za joto la mwili wa binadamu, na kwake yeye, fangasi ambayo haijapimwa kwenye joto hilo haijapimwa kabisa. Amewahi kuwaambia maprofesa wawili, tena wageni, kwamba matokeo yao ya nyuzi thelathini yanamfaa sana mgonjwa aliyekwisha kupoa. Maprofesa walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri wabadilishe joto.

Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, ana cheti kimoja na mimba ya miezi mitano, jambo ambalo hakulitaja kwenye usaili kwa kuwa, anavyosema, hakuna aliyemuuliza. Alipewa kazi ya kuosha vioo katika chumba cha nyuma. Wakati huo watafiti wa maabara walikuwa hawasemezani: fangasi zao zilikuwa zinakufa ovyo na kila mmoja alimshuku mwenzake. Mwosha vioo akagundua kwamba vyombo vikisuuzwa mara mbili hubaki na sabuni, na sabuni ndiyo iliyokuwa muuaji. Akaanza kusuuza mara tano. Ugomvi ukaisha, naye akapelekwa kusomea stashahada kwa gharama ya taasisi. Ile mimba sasa ni mkunga mwenye watoto wawili.

Aliporudi kutoka masomoni alikabidhiwa inkubeta, yale makabati ya joto ambamo tunaoteshea fangasi. Hapo ndipo tabia yake ikajulikana jengo zima. Haamini namba inayoonekana mlangoni. Ndani ya kila inkubeta ameweka kipimajoto chake mwenyewe, na mara tatu kwa siku hupita na daftari lenye mistari, anasoma, anaandika, anasonga mbele. Madaftari hayo sasa ni hamsini na tisa. Mwaka ule tulipoletewa inkubeta mpya ya bei mbaya, muuzaji alisimama na tai yake akieleza kwamba mashine hiyo haiwezi kukosea hata nusu nyuzi. Mama akamwomba radhi, akafungua mlango, akatumbukiza kipimajoto, akamkaribisha chai. Baada ya chai mashine ikaonekana imezidisha nyuzi mbili. Muuzaji alivua tai akaanza kuifungua kwa bisibisi.

Wahasibu wa ghorofa ya chini nao wana kumbukumbu yao. Mmoja wao, ambaye amehamia kituo kingine na hivyo namsema bila woga, aliingia siku moja maabara watu wakiwa kwenye kikao na kuweka bakuli lake la chakula ndani ya inkubeta lipate moto. Mama alilikuta katikati ya sahani za fangasi hatari. Hakupiga kelele. Alilifunga vizuri, akalibandika alama nyekundu ya hatari, akalipitisha kwenye mashine ya mvuke inayotakasa takataka zetu, kisha akampelekea mwenyewe mezani na karatasi iliyosema kwamba chakula hakina kidudu hata kimoja ila yeye asikile. Tangu siku hiyo hakuna mhasibu aliyevuka mlango wetu bila kubisha.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mumewe, fundi cherehani ambaye kila mwaka hutushonea makoti ya kazi kwa bei ya kindugu, hulalamika kwamba mke wake anajua joto la fangasi kuliko joto la chai ya mumewe. Mama hujibu kwamba fangasi haziongei, ndiyo maana lazima mtu azijali.

Wasomaji wasio wa maabara watauliza tunazijali za nini. Fangasi zetu zinatoka wodini. Mtu anavuta hewa yenye vumbi lake bila kujua, na akiwa na afya njema mwili unaimaliza. Kwa mtu ambaye kinga yake imechoka, fangasi hupita mapafuni ikapanda hadi ubongoni. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kuchukua sampuli, na amehifadhi kwenye friza aina 1,163, kila kichupa na namba yake. Majina ya wagonjwa hakuruhusiwa kuyajua. Hata hivyo alikuwa anajua nani yuko kitanda gani, na kichupa kikija cha mtu aliyefariki alikaa nacho kidogo mkononi kabla ya kukiweka.

Swali la maabara yetu ni moja: fangasi iliyozoea majani yaliyooza na udongo wenye ubaridi inawezaje kuishi ndani ya mtu? Mama ndiye anayelieleza vizuri kuliko sisi wenye shahada. Huwaambia wageni wafikirie sweta la sufu lililolowekwa kwenye maji ya moto: linajikunja na haliwezi kuvalika tena. Protini ndivyo zilivyo. Joto la mwili huzikunja, na protini zikikunjika fangasi inakufa. Tena chembe nyeupe za damu zikiikamata huimiminia peroksaidi, sumu ya aina ile ile ambayo watu husafishia vidonda. Zile fangasi zinazotuua zimejipanga. Zina protini ambazo kazi yake ni kuzishika nyingine zisijikunje, na zina nyingine za kuzima sumu. Tukizijua protini hizo, watengenezaji wa dawa watajua wapi pa kupiga.

Tulikuwa na orodha ya protini ishirini na mbili tulizozishuku. Kila moja ilitafutiwa fangasi pungufu, yaani iliyoondolewa uwezo wa kuitengeneza protini hiyo, ikawekwa kwenye sahani yenye peroksaidi, nyuzi thelathini na saba, siku mbili. Ikifa wakati fangasi kamili inaishi, protini imekamatwa. Nyingi kati ya hizo zilimalizwa na watafiti walionitangulia. Mimi nilifika miaka kumi iliyopita kusomea uzamivu, nikapewa namba kumi na nne.

Sasa inabidi nijitaje, ingawa makala ya namna hii si mahali pa mwandishi kujitaja.

Kwa miezi minane Mama aliniandalia sahani na mimi nikazisoma. Fangasi pungufu iliota sawasawa na fangasi kamili. Nikaandika kwamba protini namba kumi na nne haina kazi yoyote katika kuvumilia peroksaidi, na kwamba ifutwe kwenye orodha. Mkuu wa maabara wa wakati huo aliridhika. Makala ya jarida ilikuwa tayari, sura mbili za tasnifu yangu zilikuwa tayari, na ufadhili wangu ulikuwa umebakiza miezi saba.

Siku tatu kabla ya makala kutumwa, wanafunzi wa sekondari walikuja kutembelea taasisi. Mama alitaka kuwafurahisha. Tone la peroksaidi likidondoshwa kwenye fangasi hutoa povu, kwa sababu fangasi inapambana nalo. Akadondosha tone. Povu halikutoka. Akadondosha la pili, la tatu. Wanafunzi wakadhani ndivyo inavyotakiwa wakapiga makofi. Mama akaigeuza chupa.

Katika maabara yetu chupa yoyote ikifunguliwa huandikwa tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu nyeusi. Sheria hiyo ni yake, amewahi kuwagombeza madaktari kwa ajili yake. Chupa ile haikuwa na tarehe. Miezi tisa nyuma friji ya dawa iliharibika, yeye akahamishia chupa zote kwenye kabati la dirishani kwa siku chache, na katika pilika za kuzirudisha chupa moja kuukuu ikajichanganya na mpya. Peroksaidi ikikaa kwenye joto na mwanga inageuka maji matupu. Mama alikwenda kwenye daftari lake, akafuata namba ya chupa ukurasa kwa ukurasa. Sahani zangu zote, za miezi yote minane, zilitoka humo. Kumbe fangasi zangu hazikuwahi kupewa sumu. Zilikuwa zimekaa zinakunywa maji.

Hakuna aliyekuwa anajua. Angeimwaga chupa kwenye beseni, angefungua mpya, na namba kumi na nne ingefutwa duniani kote kwa neno letu. Yeye aliibeba chupa mkononi mpaka ofisini kwa mkuu wa maabara, akaiweka mezani, akasema kwamba imekufa na yeye ndiye aliyeitumia.

Kesho yake kikafanyika kikao cha maabara nzima. Mkuu alimuuliza ilikuwaje kosa la namna hiyo lisionekane kwa miezi minane. Mama akajibu, "Sahani ni zangu. Kosa ni langu." Akakaa. Alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake.

Mimi nilikasirika, na nilionyesha hasira yangu. Nilimwamkia kila asubuhi kwa sababu ni mtu mzima, nikaishia hapo. Yeye akaitikia marahaba kama kawaida na kuanza upya. Sahani 416 zilitakiwa kurudiwa. Hakuna aliyemtuma kuja Jumamosi, lakini alikuja Jumamosi kumi na tisa mfululizo, akifungua chupa mpya kila wiki na kuidondoshea fangasi tone moja kwanza aone povu. Katika mwezi wa tano wa kurudia, jibu likatoka. Kwenye nyuzi thelathini fangasi pungufu na fangasi kamili hazikuwa na tofauti. Kwenye nyuzi thelathini na saba, penye peroksaidi ya kweli, fangasi kamili iliota na fangasi pungufu haikuacha hata doa. Tulipozitumbukiza ndani ya chembe nyeupe za damu mambo yakawa yale yale. Namba kumi na nne, niliyotaka ifutwe, ndiyo protini yenye nguvu kuliko zote tulizopata. Leo vikundi vitatu katika nchi nyingine vinatafuta dawa ya kuizuia. Dawa bado haijapatikana, na Mama hataki mtu yeyote aandike kana kwamba imepatikana.

Mimi nikapata shahada yangu, nikaajiriwa hapa, nikapandishwa. Nafasi ya msimamizi mkuu wa maabara ilitangazwa mara mbili. Mama aliomba mara zote mbili, na mara zote mbili jopo likafungua faili, likakuta barua, likamchagua mtu mwingine. Mara ya pili, miaka mitatu iliyopita, mmoja wa wajumbe wa jopo hilo nilikuwa mimi.

Mkurugenzi aliponiomba niandike makala hii alisema hakuna aliyefanya naye kazi kwa karibu kuliko mimi. Ni kweli. Ndiyo maana nalijua jambo ambalo halimo kwenye barua ile.

Tuna fangasi moja ambayo haivumilii peroksaidi hata kidogo. Mama aliipa jina la Mnyonge. Mnyonge hupewa nafasi yake kwenye kila sahani ya majaribio kwa sababu moja tu: akifa, peroksaidi ni nzima, akiota, peroksaidi imekufa na sahani inatupwa. Sahani ina nafasi sita. Wiki ya kwanza ya kazi yangu nilimwambia Mama amwondoe Mnyonge, nafasi hiyo niitumie kwa sampuli zangu, nimalize mapema. Alikataa. Nikamwambia mtafiti ni mimi na majaribio ni yangu, akamwondoa. Wiki ya pili aliniuliza, "Mwanangu, Mnyonge wetu yuko wapi?" Nikamjibu kwa ukali ambao hata leo unaniaibisha. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Kwa hiyo mkuu wa maabara alipouliza kwenye kile kikao kwa nini kosa halikuonekana, jibu nilikuwa nalo mimi. Niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu. Yeye akaangalia mbele akajibu kwa ajili yetu wawili. Na nilipokaa kwenye jopo, barua ikipita mkono kwa mkono, niliipokea, nikaisoma kama mtu anayeiona mara ya kwanza, nikampa jirani yangu. Ule ulikuwa woga. Sina neno zuri zaidi la kuuita.

Wiki tatu zilizopita nilimfuata chumba cha sahani, nikamwambia ninachotaka kuandika. Alikuwa anabandika lebo, hakuacha. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia miaka yote hii. Akasema kwamba wakati ule yeye alikuwa na ajira ya kudumu na mimi nilikuwa na miezi saba. "Mimi barua ingenikuta kazini," akasema. "Wewe ingekukuta nje ya geti. Nilifikiri ukishaingia ndani utasema mwenyewe." Kisha akabandika lebo nyingine, na nikaona kwamba alikuwa amengoja kweli, mwaka baada ya mwaka, na kwamba ile siku ya jopo alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akijua niko ndani. Nilianza kulia. Alinipa karatasi za kupangusia hadubini, akanikumbusha zina bei, akaniambia niandike, ila namba zote ziwe sahihi.

Namba ameshazikagua. Mahali nilipoandika sahani mia nne akarekebisha zikawa 416.

Mkurugenzi naye ameisoma makala hii kabla ya kuchapwa. Aliniuliza kama nimefikiria wanafunzi wangu watanionaje. Nimefikiria, na mwenye swali nipo chumba namba tisa. Maelezo yangu yaliyosainiwa yamekwisha kuingia kwenye faili la Mama, na onyo limefutwa rasmi kwa barua ya mkurugenzi ya tarehe 12 Juni. Cheo hakirudi, kwa sababu miaka haijarudi. Hilo nalo nililiuliza, nikajibiwa hivyo, na sioni haya kusema kwamba halitoshi.

Sherehe itafanyika ukumbi mdogo saa nane. Mumewe na binti yake mkunga watakuwepo, na wahasibu wameahidi kuja mikono mitupu. Mama ameomba asipewe saa ya ukutani. Tumekubaliana naye kwa kila jambo isipokuwa hotuba: ameagiza hotuba za dakika mbili, nasi tumekataa.

Mama, kwa niaba ya maabara, wodi na wote uliowafundisha kuandika tarehe kwenye chupa, asante kwa kila sahani. Tunakuombea afya, amani nyumbani, na asubuhi ndefu ambazo hakuna kengele ya inkubeta ya kukuinua kitini. Nenda ukijua kwamba jina lako hapa ni safi, na sasa limeandikwa hivyo. Kama Mnyonge angekuwepo, kosa lako lingedumu siku mbili. Miezi minane ilikuwa yangu.